Makaburi Yasiyo na Majina: Habari za Wapagazi wa Kariakoo

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Sidhani kama yuko mwanafunzi hata mmoja wa shule yetu ambaye hajapata kulisikia jina la Kariakoo. Huko ndiko wazazi wetu wengi hununua sare, madaftari na masanduku ya bati tunayokuja nayo shuleni. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaojua kwamba jina hilo asili yake ni jina la kikosi cha jeshi, na kwamba watu wa kikosi hicho walikufa kwa maelfu, wengi wao bila ya majina yao kuandikwa juu ya jiwe lolote.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza watu hao walikuwa nani, walizikwa vipi, na namna mtu wa leo anavyoweza kutafuta kumbukumbu za makaburi yao. Kazi hii niliianza mwaka jana, mwalimu wetu wa historia alipomtaka kila mwanafunzi atafute habari moja ya zamani ya mahali anapokaa. Kwetu ni Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe. Basi sikuwa na haja ya kusafiri mbali ili kupata habari ya kutafuta.

JINA LA KARIAKOO

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa kwa lugha yao Carrier Corps. Watu wetu walilitamka jina hilo kwa ulimi wao wenyewe, likawa Kariakoo. Kule Nairobi walilitamka Kariokor, na huko nako liko soko na mtaa wenye jina hilo mpaka leo. Ndugu zetu wa Malawi waliwaita wapagazi wa vita hivyo tengatenga.

Waingereza waliiteka Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, 1916. Tangu siku hiyo mji huu ukawa bandari yao kubwa ya kushushia vyakula na silaha, na ya kupakilia wagonjwa na majeruhi. Wapagazi waliletwa hapa kutoka pande nyingi, wakawekwa katika sehemu ya mji iliyokuwa nyuma ya Mnazi Mmoja, ambako Wajerumani walikuwa wamejenga jumba kubwa kabla ya vita. Baada ya vita jumba hilo likawa soko, na jina la wapagazi likabaki pale pale. Soko la ghorofa tunalolijua sisi, ambalo lilichorwa na msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 na Rais Julius Nyerere, na moto ukaliunguza mwezi Julai, 2021. Majumba yamebadilika mara nyingi, lakini jina halikubadilika.

KWA NINI WAPAGAZI WALIKUWA WENGI

Pengine msomaji atauliza, jeshi lenye mizinga na meli lilihitaji wapagazi kwa sababu gani? Jibu lake ni rahisi. Wakati ule nchi yetu ilikuwa na njia mbili tu kubwa za reli, moja kutoka Tanga kwenda Moshi na nyingine kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Upande wote wa kusini, kuanzia Rufiji mpaka Ruvuma, haukuwa na reli hata kidogo. Farasi, punda na ng'ombe walikufa upesi kwa sababu ya mbung'o. Magari yalikwama katika matope. Basi kilichobakia ni kichwa na bega la binadamu.

Tufanye hesabu ndogo, kama tunavyofanya darasani. Tuseme mpagazi anabeba mzigo wa unga wa kilo 25, na posho yake mwenyewe ni kilo moja kwa siku. Akienda safari ya siku 6 na kurudi siku 6, yeye peke yake atakula kilo 12. Zitakazomfikia askari ni kilo 13. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, askari atapata kilo moja tu. Kwa hiyo, kila jeshi lilivyozidi kwenda mbali, ndivyo wapagazi walivyotakiwa kuongezwa, wengine wakibeba chakula cha askari, na wengine wakibeba chakula cha wapagazi wenzao. Hii ndiyo sababu wanahistoria wanakisia kwamba Waingereza walitumia watu wapatao milioni moja katika kazi hii. Wajerumani nao, chini ya jemadari wao Paul von Lettow-Vorbeck, waliwachukua watu wa vijiji kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu.

Vita vilianza mwezi Agosti, 1914, na hapa kwetu havikwisha pamoja na vile vya Ulaya. Huko Ulaya silaha ziliwekwa chini tarehe 11 Novemba, 1918, lakini Lettow-Vorbeck alijisalimisha tarehe 25 Novemba, mjini Abercorn, ambao sasa unaitwa Mbala na uko katika nchi ya Zambia. Katika muda huo wote wapagazi walikufa zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Walikula unga ambao haukuiva, kwa kuwa kuni zilikuwa mbichi na muda wa kupika ulikuwa mfupi, na walilala mvuani bila ya nguo za kutosha. Mwishoni ikaja homa kubwa ya mafua ya mwaka 1918. Kwa upande wa Waingereza peke yake, hesabu ya wapagazi waliokufa inayotajwa na wanahistoria ni karibu watu 100,000, na wengine husema ilipita hapo.

Sasa, watu 100,000 wana makaburi mangapi? Hilo ndilo swali nililolichukua nikaenda nalo mjini.

MAHALI PA KWANZA: SANAMU YA ASKARI

Mtu akitoka Kariakoo kwa miguu, akapita Mnazi Mmoja na kuingia katikati ya mji, atafika katika makutano ya Barabara ya Samora na Azikiwe. Hapo imesimama sanamu ya shaba ya askari mwenye bunduki iliyochomekwa singe. Sanamu hiyo ilichongwa na Mwingereza aliyeitwa James Alexander Stevenson, na ikazinduliwa mwaka 1927. Iliwekwa kwa ajili ya Waafrika waliopigana na wale waliobeba mizigo. Nairobi na Mombasa nazo zina sanamu za namna hiyo.

Maandishi yake ni ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili kimeandikwa pia kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyozoea. Maneno yenyewe yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi mashuhuri wa Uingereza. Yanamwahidi mtu aliyekufa vitani kwamba watoto wake watalikumbuka jina lake. Nilizunguka sanamu hiyo pande zote nne. Jina la mtu halimo hata moja. Ahadi ya kukumbukwa imeandikwa, lakini yule aliyeahidiwa hakuandikwa.

MAHALI PA PILI: MAKABURI YA VITA

Siku ya pili nilipanda daladala nikaenda kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Bagamoyo. Makaburi haya yanatunzwa na Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo iliundwa mwaka 1917. Majani yamekatwa vizuri na mawe yamepangwa kwa mistari iliyonyooka. Ni mahali pa utulivu, na kelele za magari husikika kwa mbali tu.

Wengi hudhani kwamba watu waliolala hapo walizikwa hapo tangu siku walipokufa. Sivyo. Kwanza walizikwa katika makaburi ya Ocean Road, karibu na bahari, katika barabara ambayo siku hizi imepewa jina la Barack Obama. Mwaka 1968 ilitakiwa kujengwa barabara mpya, na makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yakahamishwa yakaletwa hapa. Katika miaka ya kwanza ya 1970 yaliletwa mengine yapatayo 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania, mahali ambapo ilionekana hayataweza kutunzwa tena. Leo makaburi ya vita hivyo yaliyoko hapo yanapita 1,700, na yapo pia machache ya Vita Kuu ya Pili.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo naomba msomaji alisome polepole. Wakati wa kuhamisha makaburi ya Ocean Road, yale yaliyokuwa na alama ya mtu mmoja mmoja yalihamishwa moja moja. Lakini katika viwanja vya Waafrika Wakristo, vya Waislamu, na vya watu wa dini nyingine, makaburi hayakuwa yamewekewa alama ya kila mtu. Kwa hiyo wale waliozikwa humo walizikwa upya kwa pamoja, na kila kaburi la pamoja likajengewa ukuta wa kumbukumbu. Hata pale jina la mtu linapojulikana, jamaa yake hawezi kunyosha kidole akasema, "Huyu hapa ni babu yetu."

Mahali hapo hapo yako majina zaidi ya 1,500 ya maafisa na askari wa Kiingereza na wa Kihindi waliokufa Afrika ya Mashariki tangu Januari, 1917, na ambao makaburi yao hayajulikani. Tafadhali litazame jambo hili. Mwingereza au Mhindi aliyepotea porini bila ya kaburi, jina lake liliandikwa. Mpagazi aliyepotea katika pori lile lile, akiwa amembebea mwenzake chakula, hakuandikwa.

JINSI YA KUSOMA DAFTARI LA MAKABURI

Kamisheni hiyo ina daftari la watu wote walioandikwa, na siku hizi mtu anaweza kulitafuta katika intaneti bila ya malipo. Mimi nilitumia simu ya mjomba wangu. Kwa faida ya wenzangu watakaopenda kujaribu, nitaeleza linavyosomwa.

Kwanza, mstari mmoja ni mtu mmoja. Mstari uliokamilika una namba yake ya jeshi, jina, cheo, kikosi, tarehe ya kufa, umri, majina ya wazazi au mke, na mahali pa kaburi. Mistari ya maafisa wa Kizungu aghalabu imekamilika. Mistari ya askari wa Kiafrika wa kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya, mara nyingi ina namba, jina na tarehe tu. Hakuna umri, hakuna mke, hakuna kijiji.

Pili, usitafute jina kwa namna moja ya kuliandika. Makarani waliandika walivyosikia. Mohamed aweza kuwa Muhammad au Mahomed. Saidi aweza kuwa Said au Syed. Jina la Kizaramo, Kinyamwezi au Kingoni laweza kuwa limeharibika kabisa.

Tatu, jina peke yake halitoshi. Akina Juma wako wengi. Bila ya jina la baba au la kijiji, huwezi kujua kama Juma huyo ni wa Kisarawe, wa Tabora au wa Mombasa.

Nne, kutoliona jina katika daftari si dalili kwamba mtu hakufa vitani. Ni dalili tu kwamba hakuandikwa.

Mtu anayetaka kuzama zaidi anaweza kwenda katika Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga, ambako yanatunzwa mafaili ya serikali ya Wajerumani na ya Waingereza. Huko hutakiwa kibali, basi yafaa kwenda na barua ya shule na kufuata taratibu zao.

KWA NINI HAWAKUANDIKWA

Nilidhani sababu yake ni kwamba vita vilikuwa na fujo na karatasi zilipotea. Hilo ni kweli kwa sehemu. Lakini iko sababu nyingine, na hiyo si ya bahati mbaya.

Kamisheni ile ilipoundwa iliweka kanuni njema: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, na mawe yawe sawa kwa wote bila ya kujali cheo, taifa wala dini. Kanuni hiyo ilifuatwa Ulaya. Huku kwetu haikufuatwa. Baadhi ya wakuu wa siku hizo walisema kwamba Waafrika hawajafikia hatua ya kuthamini kaburi lenye jina. Gavana wa kwanza wa Tanganyika, Horace Byatt, aliulizwa habari za makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na mahali pengine. Kumbukumbu za mwaka 1922 zinaonyesha kwamba maoni yake yalikuwa makaburi hayo yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo, na kwamba hakupenda kuitazama hesabu ya Waafrika waliokufa.

Mambo haya sasa yamekubaliwa na wenyewe. Mwezi Aprili, 2021, Kamisheni ilitoa taarifa ya uchunguzi wake. Ilisema kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wengine. Tena ikasema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi katika Bunge lao.

Yule aliyesema kwamba Mwafrika hathamini kaburi hakupata kukaa katika msiba wa Kiswahili. Maiti wetu huoshwa, huvikwa sanda, huswaliwa, huzikwa, na siku zikipita husomewa hitima, na katika dua hizo hutajwa kwa jina lake na la mzazi wake. Na katika makabila ya bara, watu huenda kaburini kutambika na kuwaita wazee wao kwa majina. Sijui kama yako mataifa yanayotaja majina ya wafu wao kuliko sisi.

HABARI YA NYUMBANI KWETU

Babu yangu ni Mzaramo wa Kisarawe aliyehamia Kariakoo ujanani. Nilipomweleza niliyoyaona, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, umekwenda kumtafuta mtu wetu bila ya kujua."

Ndipo aliponihadithia kwamba babu yake yeye, mzaa baba yake, alichukuliwa Kisarawe mwaka 1917 akaenda kubeba mizigo upande wa Rufiji, na hakurudi. Alimwacha mke na mtoto mchanga, ambaye ndiye baba wa babu yangu. Haikuja barua, haukuja mshahara, wala hakuja mtu wa kusema, "Nilimzika kwa mkono wangu."

Nilimwuliza babu kulikuwa na madhara gani, maana mtu aliyekufa amekufa, aandikwe asiandikwe. Akanijibu kama mwalimu anavyomjibu mtoto wa darasa la kwanza. Alisema, mke anayefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi, kisha huwa huru. Lakini yule bibi angekaaje eda ya mume ambaye hakuna aliyesema amekufa? Si mke, si mjane. Na shamba la minazi lingegawiwaje? Mirathi hugawiwa mtu akifa, na huyu hakuna ajuaye kama amekufa. Basi bibi alikaa miaka mingi akingoja, na shamba likakaa bila ya kugawiwa, ndugu wakaanza kutazamana kwa macho mabaya. Mwishowe wazee walishauriana na sheikh, ikaswaliwa swala ya ghaibu, yaani swala ya maiti asiyekuwapo, na bibi akakaa eda yake. Waswahili husema, asiyekuwapo na lake halipo. Yule bwana hakuwapo, na haki zake na za watu wake zikawa kama hazipo.

Kwa maneno hayo nilifahamu kwamba daftari la makaburi si karatasi tu ya wataalamu. Mstari mmoja ulioandikwa na karani hodari ungalimfungua mwanamke kutoka katika kifungo cha miaka, na ungalimaliza ugomvi wa shamba.

Nilitafuta jina la mtu wetu katika daftari la Kamisheni kwa namna zote za kuliandika nilizoweza kufikiri. Niliyaona majina yanayofanana nalo, ya askari wa vikosi vingine. La mpagazi wa Kisarawe sikuliona. Nilipomwambia babu hakushangaa. Alisema, "Lakini wewe jina hilo unalijua." Na ni kweli nalijua, maana babu alipewa jina la babu yake, kama ilivyo desturi yetu, nami nimepewa jina la babu. Kwa hiyo jina lile ambalo halimo katika daftari lolote la vita, huitwa hapa shuleni kila asubuhi mwalimu wa zamu anaposoma majina ya bweni letu.

MAJINA YANAWEZA KUPATIKANA

Msomaji asije akafikiri kwamba kwa kuwa imepita miaka zaidi ya 100, basi hakuna la kufanya. Tazama mfano wa Afrika ya Kusini. Watu weusi wa nchi hiyo waliofanya kazi za mizigo na utumishi katika vita vile, wengi wao wakafa huku Afrika ya Mashariki, nao hawakuwa na kumbukumbu. Lakini kumbukumbu za jeshi la nchi yao zilipochunguzwa, majina yao yalikutwa humo. Mwezi Januari, 2025, ilizinduliwa kumbukumbu mjini Cape Town yenye majina ya watu zaidi ya 1,700. Kila mtu ana nguzo yake ya mti mgumu wa Kiafrika, na juu yake limechongwa jina lake.

Na sisi wenyewe tunajua kuwaheshimu mashujaa wetu. Askari wetu waliokufa katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 wana makaburi yao Kaboya, katika Mkoa wa Kagera, na kila tarehe 25 Julai taifa linaadhimisha Siku ya Mashujaa. Si vibaya siku hiyo tukawakumbuka pia wapagazi, ingawa bendera waliyoitumikia haikuwa yetu. Hawakuchagua vita. Wengi hawakuchagua hata kwenda.

KAZI YETU

Nimalize kwa jambo tunaloweza kulifanya sisi wanafunzi. Katika shule yetu ya bweni wamo vijana wa mikoa mingi. Njia za wapagazi zilipita katika karibu mikoa yote hiyo: Tanga, Kilimanjaro, Morogoro, Iringa, Lindi, Mtwara, Ruvuma, Tabora. Serikali za zamani hazikuandika, lakini katika nyumba nyingi bado yuko mzee mmoja aliyesikia habari kwa baba yake. Mzee huyo akiondoka, daftari hilo limefungwa.

Chama chetu cha Historia kimeanza daftari lake, nalo limewekwa katika maktaba ya shule. Naomba kila mwenzangu akienda likizo amwulize mkubwa wa nyumba yake, kwa adabu na kwa wakati unaofaa, maswali haya sita, na ayaandike majibu siku ile ile:

1. Jina la aliyechukuliwa, na jina la baba yake.
2. Kijiji chake na jina la jumbe au mtemi wa wakati ule.
3. Alichukuliwa na nani, Mjerumani au Mwingereza, na katika msimu gani. Wazee aghalabu hawataji mwaka, lakini hutaja njaa, mvua kubwa au maradhi, na kwa hayo mwaka hupatikana.
4. Alielekea wapi, na alionekana mara ya mwisho wapi.
5. Ni nani aliyeleta habari zake, kama zililetwa.
6. Ni nani katika ukoo aliyepewa jina lake.

Chini yake andika jina la mzee aliyekuhadithia, ukipata ruhusa yake, na tarehe. Andika alivyosema yeye, usimtengenezee maneno. Kama hakumbuki jambo, acha nafasi wazi, maana nafasi wazi ni bora kuliko uongo.

Wazazi mnaosoma gazeti hili nanyi mnaombwa msaada. Kama iko barua ya zamani, kipande, nishani au hata hadithi tu, mwagizeni mtoto wenu aje nayo au ainakili. Mali bila daftari huisha bila habari, na watu ni zaidi ya mali.

Mpaka sasa daftari letu lina majina kumi na moja. La kwanza ni la yule mpagazi wa Kisarawe.